Ua la Majivu na Msitu wa Ukungu

Kati ya mwaka 1976 na mwaka 2000 Mlima Kilimanjaro uliongeza maua na kupoteza msitu. Kauli hiyo haina fumbo, ni hesabu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, alilinganisha picha za setilaiti za miaka hiyo miwili. Alikuta kwamba eneo lililofunikwa na Helichrysum, yale maua makavu kama karatasi yanayomlaki mpanda mlima anapokaribia nyika ya juu, lilikua kutoka kilomita za mraba 69 hadi 218. Katika muda huohuo misitu ya Erica, miti yenye majani membamba kama sindano inayosimama pale msitu mkubwa unapokoma, ilipungua kutoka kilomita za mraba 187 hadi 32. Vichaka vya Erica, yaani mimea ya jamii hiyohiyo ikiwa bado mifupi, viliongezeka kutoka 202 hadi 257. Zikisomwa kwa mfuatano, tarakimu hizi zinaonyesha ngazi: palipokuwa msitu pamekuwa kichaka, na palipokuwa kichaka pamekuwa bustani ya maua ya karatasi. Kilichoishusha mimea ngazi hiyo ni moto.

Jambo hili linastahili kuandikwa kwa sababu macho ya binadamu hulisoma kinyume. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, wanapopumzika wapanda mlima wanaotumia njia ya Marangu, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, na kwa siku nyingi nchi nzima iliufuatilia kwa hofu. Askari wa hifadhi, wanakijiji, wapagazi na wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka walipanda kwenda kuuzima kwa matawi, majembe na mapanga. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukazuka mwingine karibu na kambi ya Karanga, upande wa kusini. Kila baada ya moto wa namna hii hufuata kipindi cha pili ambacho hakipigiwi kelele: mvua zinanyesha, majivu yanageuka kijani, maua yanatokeza kandokando ya njia, na watu wanashusha pumzi wakisema mlima umepona. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho ni kibovu. Kinachochanua kwanza njiani hakituambii kama kilichopotea kimerudi. Mara nyingi wingi wake ni ushahidi kwamba hakijarudi, na historia ya mlima huu inaonyesha hivyo kwa uwazi ambao hatujaupa nafasi yake.

Tuanze na njia yenyewe, maana njia huchagua mapema nini kitaonekana. Njia ya Marangu ndiyo kongwe kuliko njia zote za watalii katika Kilimanjaro. Mnamo Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni wakianzia Marangu kwa Mangi Marealle, mtawala wa huko, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa wamejenga vibanda viwili vya kulala wapanda mlima, kimoja wakakipa jina la Bismarck na kingine la Peters. Baadaye majina hayo yaling'olewa, na vituo hivyo sasa vinaitwa Mandara na Horombo, kwa heshima ya watawala wa Wachagga. Mandara iko mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, ndani ya ukingo wa juu wa msitu. Horombo iko mita 3,720, kwenye nyika yenye vichaka, mawe na maua. Mtu anayetembea siku moja kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili huhesabu kwamba ametoka ukanda mmoja wa asili na kuingia mwingine, kama apandaye ghorofa za nyumba iliyojengwa hivyo tangu mwanzo. Vitabu vya safari humwambia hivyo, na mchoro uliobandikwa langoni humthibitishia. Ni nadra aambiwe kwamba sehemu ya kuta za nyumba hiyo zimesogezwa katika umri wa wazazi wake.

Majina ya maua nayo yamechangia kupotosha. Lobelia deckenii inabeba jina la Karl Klaus von der Decken, aliyefika mlimani mwaka 1861 na 1862. Helichrysum newii inamkumbuka Charles New, mmisionari aliyefika kwenye theluji mwaka 1871. Kniphofia thomsonii, lile ua refu lenye kichwa cha rangi ya mwali wa moto, linamkumbuka Joseph Thomson aliyepita hapa mwaka 1883. Harry Johnston alikusanya mimea mwaka 1884, Meyer ana Helichrysum yake, na Georg Volkens aliishi Marangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 akichunguza mimea ya mlima mzima. Watu hawa walifanya kazi kubwa, wala sina haja ya kuipunguza. Lakini mkusanya mimea hukata kinachochanua, akakikausha kati ya karatasi, akakisafirisha. Ua hutoshea ndani ya karatasi. Msitu hautoshei. Ndiyo maana kumbukumbu tuliyorithi ya Kilimanjaro ni orodha ndefu ya maua yenye majina ya wageni, huku swali la msitu ulifika wapi, ulikuwa mrefu kiasi gani na uliungua mara ngapi likisubiri hadi nusu ya pili ya karne ya 20 kupata wa kulipima sawasawa.

Sasa tutazame kinachotokea ardhini moto ukishapita, maana hapo ndipo udanganyifu unapozaliwa. Moto wa nyika husafiri haraka na joto lake haliingii kina kirefu. Udongo, hata sentimita chache tu, ni blanketi zito. Mmea wowote unaoweka akiba yake chini ya ardhi hupoteza majani na kubakiza uhai. Gladiolus watsonioides, lenye maua mekundu yanayoinama, hukaa katika kiazi. Kniphofia huchipuka kutoka shina nene lililolala udongoni. Nyasi za mashuke hurudi kutoka kwenye mashina yake, na kangaga za jamii ya Pteridium, ambayo mizizi yake hutambaa mbali chini kwa chini, hushika eneo kabla jirani hajazinduka. Mimea hii haikuhama wala haikupandwa upya. Ilikuwapo muda wote, imejificha. Moto umeiondolea kivuli, umeiachia majivu yenye madini, na jua lote sasa ni lake. Kuchanua kwake kwa wingi katika msimu wa kwanza au wa pili ni jambo la kutarajiwa, kama vile mtu aliyekuwa amebanwa katika umati anavyonyoosha mikono umati ukitawanyika.

Kundi la pili hufika kwa upepo. Helichrysum ni wa jamii ya alizeti, na mbegu zake zina manyoya mepesi yanayopaa. Ardhi tupu, baridi na kavu, ambayo mimea mingine inaikwepa, kwake ni makazi. Kundi la tatu ni Erica zenyewe, nazo zina nguvu ambayo watu wengi hawaijui. Mwaka 2001 Hemp na mwenzake Erwin Beck walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba Erica excelsa ni mti unaouvumilia moto, na kwamba baada ya moto hujiotea kwa pamoja na kuunda misitu ambayo miti yake yote ina umri mmoja. Mbegu zake ni ndogo mno na husafiri kwa upepo. Basi Erica si kiumbe dhaifu kinacholia kuhurumiwa. Inaweza kurudi, mradi ipewe kitu kimoja tu, muda kati ya moto na moto.

Kundi la nne ndilo ambalo halionekani katika picha za ushindi. Ni mimea ya kivulini. Chukua Impatiens kilimanjari, ua dogo la rangi nyekundu na manjano lenye mkia uliojikunja mfano wa mkonga wa tembo, ambalo haliishi popote duniani isipokuwa katika mlima huu. Linaota chini ya miti, penye unyevu, kando ya vijito na kandokando ya njia ya Marangu chini ya Mandara. Halina kiazi cha kungojea wala manyoya ya kupaa nayo. Linategemea dari la msitu. Pamoja nalo huja kuvumwani, kangaga laini, na zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya Erica kongwe kama ndevu za wazee. Hivi vyote ni wapangaji. Nyumba ikiungua, hawarudi mpaka nyumba isimame tena. Mtu anayeuliza kama maua yamerudi anapaswa kwanza kuulizwa: maua yapi? Kniphofia iliyojaa bondeni na Impatiens isiyokuwapo ni habari mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayotuambia umri wa jeraha.

Upo upinzani wa kwanza, nao ni wa haki. Watasema moto si mgeni Kilimanjaro. Karibu na Mandara kuna kasoko la Maundi, shimo la volkeno ya kale ambalo watalii hutembezwa jioni kuangalia mandhari. Katika tope lililojaa ndani yake wanasayansi wamechimbua kumbukumbu ya makumi ya maelfu ya miaka, chavua kwa chavua, wakaweza kueleza mabadiliko ya mimea, ya hali ya hewa na ya moto katika kipindi chote hicho. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2012, unatufundisha unyenyekevu. Moto ulikuwapo enzi ambazo hapakuwa na mtalii wa kusingiziwa. Tunajua pia kwamba katika vipindi vya baridi na ukame vya enzi ya barafu mikanda ya mimea ya milima ya Afrika Mashariki ilishuka, na misitu ikajikunyata chini. Mlima haujawahi kuwa picha iliyotundikwa ukutani. Kama moto na ukame ni wakongwe kiasi hicho, anauliza mpinzani, kwa nini tuyaone maua ya leo kuwa dalili ya ugonjwa?

Jibu ni kwamba ukongwe wa moto ndio unaotuwezesha kupima upya wake. Mimea iliyozoea moto imezoea moto wa mwendo fulani. Erica inayohitaji miongo kadhaa kuwa msitu huuvumilia moto unaokuja baada ya muda mrefu. Ikiungua mara ya pili kabla haijatoa mbegu za kutosha na kusimama juu ya nyasi, hubaki kichaka, na ukija wa tatu kichaka nacho huachia nafasi kwa Helichrysum. Hiyo ndiyo ngazi tuliyoiona katika tarakimu za mwanzo. Kama moto ungekuwa unazunguka kwa mwendo wake wa zamani, msitu na kichaka vingekuwa vinabadilishana zamu, huku kinaungua na kule kinapona, na jumla ya kila kimoja ingebaki karibu palepale. Haikubaki. Msitu wa Erica ulipoteza zaidi ya sehemu nne kati ya tano za eneo lake katika miaka 24. Kupoteza kwa upande mmoja hivyo, bila marejesho, hakuitwi mzunguko.

Mwingine atasema picha mbili za setilaiti ni ushahidi mwembamba, pengine mwaka 1976 ulikuwa na ukijani wa pekee au mwaka 2000 ulifuata misimu mibaya. Ni kweli kwamba moto mkubwa wa mwaka 1996 na 1997 uliteketeza maeneo mapana, na picha ya mwaka 2000 imebeba kovu hilo. Lakini ushahidi hausimami kwenye picha peke yake. Hemp alifuatilia pia vipande maalumu vya ardhi. Na mlimani kwenyewe upo ushahidi ambao hauhitaji chombo: katika mabonde yenye kina na nyuma ya kingo za mawe, mahali moto unaposhindwa kuingia, vimebaki vishamba vya Erica ndefu vikiwa vimezungukwa na nyika ya vichaka na maua. Baridi ni ileile, udongo ni uleule, mwinuko ni uleule. Tofauti pekee ni kwamba pale bondeni moto haukufika. Vishamba hivyo ni kama nguzo za nyumba zilizobaki zimesimama baada ya kuta kuanguka. Anayejua kusoma magofu ataona ukubwa wa nyumba ilivyokuwa.

Nyuma ya moto kuna ukame, na hapa historia inavuka mipaka ya mlima. Mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kuwa kavu zaidi, maziwa yakashuka, na barafu ya Kilimanjaro, ambayo Meyer aliikuta pana na nene, ikaanza safari ya kuyeyuka inayoendelea hadi leo. Dunia imeililia barafu hiyo kiasi cha kuigeuza nembo. Msitu wa Erica haukupata waombolezaji wa kiasi hicho, ingawa ukame huohuo ndio uliokausha majani yake na kuyafanya kuni. Hemp aliposema mwaka 2005 kwamba mabadiliko ya mimea ya juu ni mapana na mazito kuliko kuyeyuka kwa barafu, alikuwa akipinga mazoea ya ulimwengu mzima ya kutazama kileleni na kusahau mabegani.

Uzito wa jambo hili uko kwenye maji. Methali yetu husema dalili ya mvua ni mawingu. Katika msitu wa Erica wingu lenyewe ndilo mvua. Ukungu unapopita kati ya majani yale membamba, matone hunaswa, hukusanyika, hudondoka kwenye kuvumwani iliyofunika matawi na ardhi, kisha huingia udongoni polepole. Mti mrefu wenye ndevu hunasa ukungu mwingi; kichaka hunasa kidogo; Helichrysum iliyolala chini kama mto wa kulalia hainasi kitu cha kutajika. Kwa makadirio ya Hemp, misitu ya Kilimanjaro iliyo juu ya mita 1,300 hupokea katika hali ya asili karibu mita za ujazo milioni 1,600 za maji kwa mwaka, asilimia 95 kwa mvua na asilimia 5 kwa ukungu. Kupotea kwa takribani kilomita za mraba 150 za msitu kwa moto tangu mwaka 1976 kumeondoa karibu mita za ujazo milioni 20 za maji ya ukungu kila mwaka.

Kuna atakayeidharau ile asilimia 5. Afanye hesabu kidogo: asilimia 5 ya milioni 1,600 ni milioni 80, na milioni 20 ni robo yake. Robo ya maji yote ambayo ukungu huupa mlima imeondoka. Tena mvua za Kilimanjaro upande wa kusini hufikia kilele chake kwenye mwinuko wa karibu mita 2,200 kisha hupungua kadiri unavyopanda, kwa hiyo huko juu, na katika miezi ya kiangazi ambayo mvua haionekani, ukungu ndio mgeni asiyekosa. Maji yanayoanzia huko hulisha chemchemi na vijito ambavyo Wachagga, karne nyingi kabla ya mita ya maji kujulikana, waliviongoza kwa mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, hadi kwenye vihamba vyao vya migomba na baadaye kahawa. Yanayobaki huteremka hadi mto Pangani na bwawa la Nyumba ya Mungu. Mkulima wa Kirua au Kilema, kwenye miteremko ya chini, anayelalamika kwamba mfongo umekauka mwezi wa Septemba anazungumza, pengine bila kujua, juu ya mti wa Erica ulioungua mita elfu mbili juu ya kichwa chake. Kiangazi ndicho hakimu wa hoja hii. Maua hayajazi mfongo.

Nani basi anayewasha? Swali hili lina historia yake, na historia hiyo haipendezi. Tangu utawala wa Kijerumani ulipoanza kuufanya msitu kuwa hifadhi mwanzoni mwa karne ya 20, lawama imekuwa ikimwangukia mtu wa chini: mrina asali anayefukiza nyuki kwa mwenge, mwindaji haramu, mchoma mkaa, mchungaji anayetaka majani machanga. Waingereza walipotenga mwaka 1941 ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu ili wananchi wapate kuni na mbao, walikiri kwa vitendo kwamba kumfungia mtu mlango wa msitu bila kumwachia dirisha ni kumfundisha kuingia usiku. Mwaka 1973 eneo lililo juu ya mita 2,700 likawa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 2005 msitu wa chini nao ukaingizwa humo. Moto haukukoma kwa kubadilishwa jina la mlinzi. Mwaka 2020 taarifa za awali za mamlaka zilitaja wapagazi waliokuwa wakiwapashia watalii chakula. Yaani orodha ya washukiwa imeongezwa mtu mwingine wa chini, safari hii akiwa kazini kwa ajili ya mgeni aliyelipa.

Simtetei anayeacha moto ukiwaka. Mrina asali anayeangusha kinga ndani ya vichaka vikavu anaharibu maji ya ndugu zake mwenyewe, na mpagazi anayewasha jiko penye upepo anacheza na mkate wa wenzake wote. Ila lawama haielezi kwa nini cheche ileile iliyokuwa ikizimika katika kuvumwani iliyolowa sasa inateketeza bonde zima. Warina asali wamekuwapo mlimani muda mrefu kuliko hifadhi zote. Kilichobadilika ni ukavu wa kilichowazunguka, na ukavu huo huongezwa na moto uliotangulia: msitu uliogeuka kichaka hukauka upesi zaidi, hupitisha upepo zaidi, na huwaka kwa urahisi zaidi. Kila moto huandaa kitanda cha moto unaofuata. Kwa sababu hiyo, kipindi kile cha maua mazuri ambacho sisi tunakihesabu kuwa cha kupona ndicho cha hatari kubwa. Nyasi na vichaka vya miaka ya mwanzo, vikipigwa na jua la Septemba na Oktoba, ni kuni zilizopangwa.

Kuna upinzani unaonigusa zaidi kuliko mingine, nao unatoka kwa wapenzi wa maua wenyewe. Kwani Kniphofia si ya asili? Kwani Helichrysum haikuzaliwa hapa? Kwa haki gani tuutukuze mti na kulidharau ua? Nakubali kwamba mimea hii ni wenyeji halali, na mingine haipatikani nje ya milima ya Afrika Mashariki. Mlima usio na uwazi wowote, uliofunikwa na Erica kutoka Mandara hadi kwenye mawe ya juu bila mwanya, ungekuwa maskini kwa namna yake. Ndege wa jamii ya chozi wanaofyonza Kniphofia na Lobelia wana haki yao. Lakini maua ya uwazini hayajawahi kukosa makazi katika Kilimanjaro. Baridi ya juu, majabali, vinamasi na moto wa mara chache vimeyatunza siku zote. Mwaka 1976 Helichrysum ilikuwa na kilomita za mraba 69 na haikuwa hatarini. Leo hakuna anayepaswa kuihofia. Mwenye shida ni msitu uliobakiwa na 32 mwaka 2000, pamoja na wapangaji wake wasioweza kuhama. Haki haidai kumgawia kila mtu sawa bila kutazama nani amenyang'anywa.

Wako pia wenye haraka, wanaosema tupande miti basi, tena mingi, kwa kampeni na fulana. Nia ni njema, ila historia ya Kilimanjaro inatutahadharisha. Tangu zama za ukoloni, upande wa magharibi na wa Rongai umepandwa misonobari na misanduku ya kigeni kwa ajili ya mbao, na mashamba hayo, kwa faida yake yote, hayakuwa msitu wa asili na hayajifanyi kuwa hivyo. Kwenye ukanda wa Erica upandaji una hoja dhaifu zaidi, maana mti unaohitajika unajua kujipanda. Mbegu zake huja na upepo unaovuma kutoka kwenye vile vishamba vilivyobaki mabondeni. Kinachokosekana ni miaka mfululizo bila moto. Kazi hiyo haina sherehe wala picha ya kiongozi ameshika koleo: ni kulinda vishamba vile kwanza kuliko kitu kingine, kuwa na doria na vifaa miezi ya kiangazi, kuwapa wapagazi majiko salama na mahali maalumu pa kupikia, na kukaa mezani na warina asali wa vijiji vya kando ili mizinga yao ikae chini ya msitu na moshi wao usimamiwe na wao wenyewe.

Na tubadilishe tunachokihesabu. Kila moto unapozimwa, taarifa hutolewa za eneo lililoungua, kisha ukimya. Panahitajika taarifa ya pili baada ya miaka 5, ya tatu baada ya 10, na nyingine baada ya 20, zinazosema Erica za Whona na Karanga zina urefu gani, zimeanza kubeba ndevu au bado, na Impatiens imeonekana chini yake au la. Waongoza watalii wa Marangu wanapita hapo kila wiki. Wengi wao wanaifahamu mimea kuliko mgeni yeyote mwenye kitabu, na wakipewa daftari na kamba ya kupimia wanaweza kuianza kumbukumbu hiyo msimu huu. Nawaomba, mgeni akisimama kando ya njia juu ya Mandara akalipiga picha ua jekundu na kusema jinsi mlima ulivyopona, mwonyesheni kisiki cheusi kilicho nyuma yake, mkamwambie ulikuwa mti wa namna gani.